Tiba ya Kutwa

Kwa muda wa miaka mitatu familia yetu ilitafuta mahali pa kumfungia mdogo wangu. Natumia neno hilo, kumfungia, kwa sababu ndilo tulilolitumia sisi wenyewe tulipokaa kikao sebuleni kwa mama, Magomeni, na hakuna hata mmoja wetu aliyeshtuka kulisikia. Tulidhani kwamba mtu aliyezama kwenye unga, yaani heroini, hutibiwa kwa kuondolewa: aondolewe mtaani, aondolewe kwa rafiki zake, aondolewe mbele ya macho ya majirani, akae huko mpaka siku atakayorudi akiwa mtu mwingine. Haikutupitikia akilini kuuliza kama ipo tiba ambayo mgonjwa huifuata asubuhi na mchana akarudi kula na mama yake, kama vile watoto wengine wanavyosoma shule za bweni na wengine za kutwa.

Ninaandika haya kwa ajili ya dada, mama au mjomba ambaye wakati huu anauliza huku na huko kama tulivyouliza sisi. Tiba tuliyoihitaji ilikuwepo Dar es Salaam tangu Februari 2011, kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya heroini mwilini, ilipofunguliwa Muhimbili, ya kwanza ya aina yake katika Tanzania Bara. Mwananyamala ikafuata mwaka 2012 na Temeke mwaka 2014. Sisi tulikuwa tukipita mbele ya mojawapo ya hospitali hizo kwa daladala karibu kila siku, na hatukujua.

Mdogo wangu alikuwa fundi rangi wa magari, tena fundi mzuri. Alianza na kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, na kwa miezi kadhaa sisi tulioishi naye tuliona bangi tu, jambo ambalo mama alilisikitikia lakini hakulipigia kelele. Baadaye akaacha bangi na kubaki na unga wenyewe, kisha akaanza kujidunga. Mwenye nduguye ambaye ni teja hahitaji kusimuliwa yanayofuata: simu zinazopotea, sufuria zinazopotea, mashati ya mikono mirefu wakati wa joto la Januari. Nitayaruka hayo.

Jaribio la kwanza lilikuwa la mjomba wetu wa Tanga, ambaye alisema apelekwe kwake Muheza akachume machungwa mpaka akili imrudie. Mdogo wangu alikwenda bila ubishi, na siku ya tisa tukapigiwa simu kwamba ameonekana mjini Tanga, kwenye maskani ya mateja, na jembe la mjomba limeuzwa. Mjomba aliudhika zaidi kwa jembe kuliko kwa mpwa wake, au ndivyo ilivyotuonekea wakati ule. Tulichokosa kuelewa ni kwamba unga haukai mtaa mmoja. Heroini inayosafirishwa kwa majahazi kutoka pwani za Pakistani na Irani hushushwa sehemu nyingi za mwambao huu, na anayeitafuta kwa sababu mwili unamuuma ataipata Tanga, Unguja, Mombasa au Malindi kabla hajajua hata jina la mtaa anaolala.

Jaribio la pili lilikuwa soba. Nataka kuwa mwadilifu hapa, kwa kuwa zipo nyumba za upataji nafuu zinazoendeshwa kwa moyo, nyingi kati yake na watu waliowahi kutumia wenyewe, na ninawafahamu watu wawili waliotoka huko na hawajarudi nyuma mpaka leo. Ile tuliyoipata sisi haikuwa hivyo. Ilikuwa nyumba yenye ukuta mrefu nje kidogo ya mji, ada yake laki tatu kwa mwezi, na ili kulipa miezi ya mwanzo nilitumia zamu yangu ya mchezo pamoja na fedha za friji ambalo mama aliliuza bila kuniambia. Hapakuwa na daktari. Mgeni aliyeingia na arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, alifungiwa chumba cha peke yake na kijana mwenye fimbo mlangoni, akatapika na kuharisha na kutetemeka mpaka iishe, na hayo ndiyo yaliyoitwa matibabu. Tuliruhusiwa kumtembelea mara moja kwa mwezi, Jumapili, na kila tulipokwenda mdogo wangu alikuwa amenenepa kidogo na amezidi kuwa mkimya. Miezi minne ilipotimia tulimchukua kwa teksi. Mama alipika pilau.

Siku ya tatu tulimkuta chooni midomo ikiwa ya bluu. Majirani walimmwagia maji, mmoja akakimbia kuleta maziwa, na mimi nilikuwa nikimpiga makofi mashavuni nikimwita kwa jina la utotoni. Hospitali alichomwa sindano ya naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidishiwa na unga, akaamka kwa hasira kana kwamba tumemwibia kitu. Daktari wa zamu, mwanamke wa rika langu, alitueleza jambo ambalo katika miezi minne hakuna mtu wa soba aliyekuwa ametueleza: mwili uliopumzika bila heroini husahau uvumilivu wake, kwa hiyo kiasi kilekile ambacho zamani kilikuwa cha kawaida kwa mtumiaji huweza kumuua baada ya miezi michache ya kuacha. Wiki za mwanzo baada ya kutoka kifungoni au soba ndizo za hatari kuliko zote. Kisha akauliza, bila kuinua macho kwenye faili, "Methadoni mlishawahi kumpeleka?"

Nilimjibu kwamba nilidhani hiyo ni kwa wale walioshindikana. Alinitazama. "Dada, huyu ulitaka ashindikane mara ngapi?"

Kesho yake nilianza kutafuta. Nilipiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, nikaelekezwa kliniki iliyo karibu nasi, na asubuhi iliyofuata nikamchukua mdogo wangu tukaenda moja kwa moja hospitalini kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba mlango wa tiba hii hauko hospitalini. Tulielezwa kwa upole kwamba wateja huja kupitia asasi za kijamii zinazofanya kazi maskani, ambazo huwasajili na kuwaandaa. Mimi nilisikia "rudi kesho" ya kawaida ya ofisini, nikaondoka nimenuna, na tukapoteza wiki mbili kwa sababu ya kununa kwangu. Ningeshauri mtu yeyote aanze na swali hili kabla ya kutoka nyumbani: katika mtaa wetu, ni asasi gani inayowapeleka watu kliniki, na mwelimishaji rika wao anapatikana wapi?

Wa kwetu alipatikana nyuma ya gereji moja, amekaa juu ya tairi, anagawa kondomu na karatasi za uchunguzi wa kifua kikuu kwa vijana walioinamiana. Alikuwa ametumia unga kwa miaka mingi na sasa alikuwa mwenyewe kwenye methadoni. Nilipotaja jina la mdogo wangu hakumjua, nilipotaja kazi yake akacheka na kusema, "Ah, Rangi! Huyo namjua sana, dada, tumelala naye mvuani." Sikuwa nimewahi kusikia kwamba mdogo wangu anaitwa Rangi. Kijana huyo alifanya kwa siku moja kazi ambayo sisi tuliishindwa kwa miaka mitatu, kwa maana alimwambia mdogo wangu mambo ambayo hayawezi kutoka kinywani mwa dada: dozi ya kwanza itakuwaje, arosto itaisha lini, usiku wa pili mtu huwaza nini, na uongo upi daktari ameshausikia mara elfu na hausaidii kitu.

Baadaye vilifuata vikao vya maandalizi kwenye ofisi ya asasi, chumba kimoja chenye mabenchi na ubao, ambapo alihudhuria mara kadhaa ili ieleweke kwamba amekuja kwa hiari yake. Halafu hospitalini akapimwa mkojo, VVU, homa ya ini na kifua kikuu, akahojiwa na daktari, akazungumza na ofisa ustawi wa jamii, na mimi nikaandikwa kuwa ndugu wa karibu wa kumfuatilia. Mwanamke hupimwa pia ujauzito, na nilielezwa kwamba mimba haimzuii kuanza methadoni. Kwa mjamzito anayetumia heroini, kuendelea na methadoni ni salama zaidi kuliko kuacha ghafla. Dawa yenyewe hutolewa bure. Nilimuuliza mhasibu mara mbili, maana masikio yangu yalikuwa yamezoea laki tatu.

Bure ya dawa, hata hivyo, haijumuishi nauli, na hapa nitakaa kidogo kwa kuwa hakuna aliyenitahadharisha. Kwenye kliniki yetu methadoni ya kimiminika ilinywewa mara moja kwa siku, mbele ya mfamasia, kila siku ya Mungu, Jumapili na Idi na Krismasi zikiwemo. Kutoka kwetu ni basi moja la shilingi 600, yaani 1,200 kwenda na kurudi, 36,000 kwa mwezi. Ukilinganisha na unga ni fedha ndogo sana, lakini mtu anayetumia unga huipata fedha yake kwa njia ambazo mgonjwa anayetulia hawezi tena kuzitumia. Unapomtoa kwenye wizi unamtoa pia kwenye kipato. Wapo waliokuwa wakitembea kutoka mbali alfajiri ili wawahi dirisha, na wapo walioacha tiba wakiwa hawana ugomvi nayo hata kidogo, isipokuwa umbali. Kwa hiyo unapotafuta kliniki ya kutwa, usiangalie sifa zake kabla hujahesabu mabasi. Kliniki nzuri ya mabasi mawili itashindwa na kliniki ya kawaida ya basi moja. Sisi tuligawana: mimi nilichukua wiki mbili za nauli, kaka yangu wiki moja, na mama akasisitiza kubeba wiki ya nne, ambayo alikuwa akiilipa kwa sarafu za vitumbua, zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga na bado zina harufu ya iliki.

Asubuhi ya kwanza nilimsindikiza. Foleni ilikuwa ya wanaume kama sitini, wengi wakiwa wamevaa vizuri kuliko nilivyotarajia, baadhi na mabegi ya kazi, na wanawake wa kuhesabika kwa vidole. Wanawake wanaotumia unga hawakosekani mtaani. Nilizungumza na mmoja wao kwenye benchi, amebeba mtoto, akaniambia kwamba kinachowazuia wenzake ni macho ya foleni ile na swali la nani abaki na watoto. Tangu siku hiyo, kila ninapoulizwa na familia yenye binti, huwashauri waulize kama kliniki ina siku, chumba au mhudumu maalumu kwa ajili ya wanawake.

Dirisha lenyewe lina nondo na kitundu cha kupitishia mkono. Mfamasia huuliza jina na namba, hutazama picha kwenye faili, humtazama usoni mwenye picha, kisha hubonyeza pampu juu ya chupa kubwa na kikombe cha plastiki kinapokea maji mekundu yasiyozidi vijiko vichache. Mgonjwa hunywa palepale, huongezewa maji kikombeni ili asibakize, hunywa tena, kisha huambiwa aseme neno, neno lolote, ili ionekane kwamba amemeza. Mdogo wangu aliambiwa aseme. Alisimama kama mwanafunzi aliyesahau shairi, halafu akasema, "Shikamoo." Mfamasia alikuwa kijana mdogo kuliko yeye. Watu wa nyuma walicheka, naye akacheka, na nikagundua kwamba nilikuwa sijasikia kicheko hicho kwa muda mrefu.

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, na familia inapaswa kuzijua mapema isije ikakata tamaa. Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida isiyozidi miligramu 30, kwa sababu methadoni hutoka mwilini polepole na hujikusanya siku hadi siku. Dozi iliyokuwa salama Jumatatu, ikiongezwa kwa haraka, inaweza kumuua mtu Alhamisi. Kwa hiyo huongezwa kidogo kidogo mpaka mgonjwa atulie, na wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120. Kabla ya kufika huko mdogo wangu alirudi nyumbani kila siku akilalamika kwamba dawa haijamkamata, na usiku arosto ilimwamsha, pua zikimtiririka na miguu ikicheza yenyewe kitandani. Nilimfuata daktari nikitaka aongezewe. Daktari alikataa, na alikuwa na haki. Alichonisisitizia ni kwamba katika siku hizo hatari kubwa ni mgonjwa kujiongezea mwenyewe, kwa unga, kwa pombe au kwa vidonge vya kulalia kama valiamu, kwa kuwa vitu hivyo na methadoni kwa pamoja huzima pumzi. Usiku tulilala kwa zamu. Mama alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi na kumsomea.

Kisha, katika wiki ya nne, alilala usiku kucha.

Mjomba hakuridhika. Alipiga simu kutoka Tanga kusema kwamba tumembadilishia sumu tu: jana alikuwa teja wa unga, leo ni teja wa serikali. Sikumdharau, kwa sababu swali hilo nami nilikuwa nalo, na nilichukua muda kulitafutia jibu. Methadoni hukalia vipokezi vilevile vya ubongo ambavyo heroini huvikalia, hilo ni kweli. Tofauti iko kwenye mwendo. Heroini iliyodungwa hupanda kwa sekunde na kushuka kwa saa chache, ndiyo maana mtumiaji huitafuta mara tatu au nne kwa siku na maisha yake yote huwa ni kupanda na kushuka huko. Methadoni ya kunywa hupanda taratibu, haimleweshi aliyekwisha kuzoea dozi yake, na humshikilia kwa muda wa saa 24 au zaidi, kiasi kwamba siku yake yote hubaki wazi kwa mambo mengine. Vincent Dole na Marie Nyswander walilionyesha jambo hilo New York katikati ya miaka ya 1960, na tangu mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka methadoni kwenye orodha ya dawa muhimu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ataacha lini?" Nikamwambia kwamba wewe dawa ya presha unameza tangu nikiwa sekondari na sijawahi kukuuliza swali hilo. Alikata simu. Nadhani ilikuwa salio.

Kosa moja kubwa tulilifanya sisi, na ningependa lisirudiwe. Katika vile vipimo vya mwanzo kifua chake kilionekana safi, lakini miezi mitano baadaye akaanza kukohoa na kutokwa jasho usiku, tukampeleka kituo cha afya kilicho karibu, akakutwa na kifua kikuu na kuanzishiwa dawa. Hatukumwambia mhudumu wa pale kwamba yuko kwenye methadoni, kwa aibu tu, na hatukuiambia kliniki kwamba ameanza dawa za kifua kikuu, kwa uzembe. Haikupita wiki mbili arosto ikarudi kama ya siku ya kwanza. Nilifikia kumpekua mifuko. Naye alipoona napekua hakusema kitu, akakaa kitandani na kunigeuzia mifuko mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Asubuhi kliniki walituuliza swali moja tu, kama kuna dawa nyingine anayotumia, na tulipotaja wakatikisa vichwa: rifampisini, mojawapo ya dawa za kifua kikuu, hulifanya ini liivunje methadoni kwa kasi, na kiasi kinachobaki mwilini hakitoshi tena. Baadhi ya dawa za VVU hufanya vivyo hivyo. Dozi ilipandishwa kwa utaratibu, dawa za kifua kikuu zikahamishiwa palepale kliniki ili anywe zote kwenye safari moja, na baada ya miezi sita alipozimaliza, methadoni ikateremshwa tena. Nilimwomba radhi kwa ile mifuko. Alisema, "Usijali, dada, hata mimi ningepekua."

Nimewahi kuulizwa na rafiki ambaye mwanawe anatumia kokeni kama naye anaweza kupelekwa pale dirishani, na jibu ni hapana. Methadoni ni ya waraibu wa heroini na dawa za jamii yake. Kwa kokeni na bangi, tiba ya kutwa ni ya mazungumzo: ushauri nasaha wa mtu mmoja mmoja, vikundi, tiba kazi, na kliniki za afya ya akili ambazo hospitali za rufaa za mikoa huwa nazo, pamoja na mikutano ya vikundi vya kusaidiana ambayo haina ada. Pombe ni jambo jingine tena, maana mlevi wa miaka mingi anayeacha ghafla anaweza kupata degedege na kufa, na siku zake za mwanzo anapaswa kuwa chini ya macho ya daktari, wala si nyumbani wala kwenye chumba cha soba. Kwa hiyo swali la awali kabisa, kabla ya "wapi" na "kiasi gani", ni "anatumia nini hasa?", na mara nyingi familia ndiyo ya mwisho kulijua jibu.

Wasomaji wangu wa mikoani wafahamu kwamba kliniki za methadoni zimefunguliwa pia Bagamoyo, Tanga, Dodoma, Mbeya na Mwanza, na kwamba Zanzibar nayo ina huduma hiyo. Kenya ilianza Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, na Pwani ikafuata mwaka uliofuata, Malindi na Mombasa. Huko namba ya bure ya mamlaka yao, NACADA, ni 1192. Popote utakapoulizia, uliza pia dirisha linafunguliwa saa ngapi. Nalisema hilo kwa uchungu kidogo. Mdogo wangu alipoanza kupata nguvu alirudi gereji, na mwenye gereji, mzee mwenye moyo mzuri, alikubali aingie saa tatu badala ya saa mbili. Lakini alipopata kazi ya miezi mitatu kwenye mradi mmoja nje ya mkoa, yenye mshahara ambao hakuwahi kuupata maishani, ilibidi aikatae kwa sababu huko hakuna dirisha. Atakayekwambia kwamba tiba ya kutwa haifungi mtu hajawahi kuishi nayo. Kamba yake ni ndefu kuliko ya soba, lakini kamba ipo, na mgonjwa akikosa siku tatu mfululizo hapewi tena dozi yake ya zamani mpaka daktari amtazame upya, kwa sababu ileile iliyotufikisha chooni siku ile.

Mwezi wa Ramadhani ulituletea swali lake pia. Mdogo wangu alitaka kufunga, na kliniki hufunguliwa asubuhi. Alimwendea imamu wa msikiti wetu, akamweleza bila kuficha, na akajibiwa kwamba yeye ni mgonjwa na mgonjwa ana ruhusa. Alirudi nyumbani amefarijika kwa kiasi ambacho sikukitegemea, na nadhani ni kwa sababu hilo neno, mgonjwa, alikuwa hajaitwa na mtu wa msikitini hapo kabla.

Mwaka huu binti wa mjomba aliolewa, na harusi ilikuwa Tanga, Ijumaa hadi Jumapili. Kwa mtu mwingine hiyo ni safari ya kukata tiketi. Sisi tuliomba kliniki wiki mbili kabla, daktari akaandika barua kwa wenzake wa Tanga yenye jina, picha, dozi na tarehe ya mwisho aliyokunywa, ikatiwa muhuri na kufungwa kwenye bahasha. Njia nzima mdogo wangu aliiweka bahasha hiyo mfuko wa shati, upande wa moyo, na basi liliposimama Segera watu wakashuka kununua machungwa, yeye alibaki kwenye kiti ameiwekea kiganja juu.

Jumamosi alfajiri mjomba mwenyewe alisema atampeleka kwa pikipiki, kwa kuwa sisi wengine tulikuwa tukimenya viazi vya biriani. Walirudi saa mbili na nusu. Mjomba aliegesha pikipiki, akavua kofia, akaanza kulalamika kwa mama kwamba foleni ilikuwa ndefu na kwamba watu wa pale hawana hata benchi la kivuli la kukalia wazee, na kwamba kesho watatoka mapema zaidi.